Namna ya kuvuta mtandao bondeni bila kupanda jiwe

Vijiji vingi vya milimani vina jiwe lake la mtandao, pale simu inaposhika. La kwetu, huku Lushoto, liko chini ya mgrevilia, mwendo wa robo saa kutoka barabarani. Asubuhi ya kuvuna karoti utakuta watu sita wamesimama pale, kila mmoja anamtafuta dalali wake wa Kariakoo amtajie bei. Wakishuka kupakia, bei imeshageuka na hawana habari. Mimi nina duka la pembejeo bondeni, na mkulima akija na namba yake ya mbolea ya ruzuku siku ambayo mtandao haushiki, tunaangaliana tu.

Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa hasara.

Anza kwa kupima. Vile vijiti juu ya kioo cha simu usiviamini sana, kwani kila simu huvichora kwa namna yake. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa, ikifuatiwa na dBm. Isome kama deni: -85 ni nafuu kuliko -110. Ukipata nafuu ya 3, nguvu imekuwa mara mbili. Ukipata ya 10, imekuwa mara kumi. Ila usilinganishe namba ya 4G na ya 2G, hazipimwi kwa kitu kimoja.

Nilichukua daftari la madeni, nikageuza ukurasa wa nyuma, nikazunguka na binti yangu. Ndani ya duka, chini ya bati: -118. Nje, kona inayotazama pengo la mlima: -109. Juu ya ngazi, kona hiyohiyo: -103. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa miaka yote nyuma ya bati na ukuta, nikilaumu mnara. Kama huna hela hata ya kebo, hatua ya kwanza ni hiyo tu: tafuta kona yako, tundika simu dirishani hapo, ongea kwa spika au visikilizio.

Pima pia laini za majirani. Mnara wa kampuni moja unaweza kuwa umefichwa na kilima, wa nyingine ukaonekana wazi. Tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhama kampuni bila kubadili namba, kwa hiyo namba anayoijua dalali wako haipotei.

Kama shida yako ni kupiga na kutuma pesa tu, ilazimishe simu ibaki kwenye 2G. Menyu za nyota na reli hazihitaji zaidi ya hapo. Simu inayohangaika kutoka 4G kwenda 2G na kurudi hula chaji, na kwetu chaji inalipiwa.

Sasa antena, na hapa ndipo hela huliwa. Niliwahi kuuziwa mjini kikuza mawimbi kisicho na jina wala muhuri. Siku mbili baadaye majirani wakaanza kulalamika simu zao zinakatika. Kile kidude kilikuwa kinapiga kelele kwenye masafa ya mnara. Vifaa vya namna hiyo vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Nilikizima. Stika za kubandika nyuma ya simu, eti ziongeze mtandao, usizitazame mara mbili.

Kilichotusaidia ni ruta ya laini, kile kifaa kinachotiwa laini ya simu kikagawa waifai, yenye matundu ya antena, pamoja na antena ya nje, ile inayofanana na mifupa ya samaki. Hakikisha inashika masafa ya mnara wenu. Yale ya chini, 700 au 800 MHz, hufika mbali na hupinda kwenye vilima kuliko 1800. Kebo iwe ya ohm 50. Ya televisheni ni 75, muache muuzaji aongee. Na iwe fupi: mita kumi za kebo nyembamba hula zaidi ya nusu ya nguvu uliyoipanda mlingotini kuitafuta. Sisi tulipandisha ruta darini, karibu na antena, tukaacha waifai ndiyo ishuke dukani.

Mlingoti wetu ni mkaratusi wa mita sita. Mmoja anageuza antena kidogokidogo, mwingine anasoma namba, na kila mkao mnausubiri dakika nzima kwa sababu namba huchelewa kutulia. Tulisimama kwenye -94. Maungio ya kebo yafunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vikazwe kuanzia chini kwenda juu, maji ya masika yasipenye. Chomoa kebo mapema, kabla radi hazijaanza. Ruta nyingi hutumia volti 12. Soma kibandiko chake, huenda betri ya sola inatosha bila inveta.

Gharama tuligawana watu tisa. Nywila naibadilisha kila Jumapili, maana vijana walimaliza bando la mwezi kwa siku nne wakitazama mpira.

Lile daftari usilitupe. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku kwa kampuni zijenge minara vijijini. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758. Andikeni barua kupitia mkutano wa kijiji, muweke vipimo vyenu, idadi ya kaya, shule na zahanati, na majiranukta, yaani namba za GPS za mahali mlipo, yaliyosomwa kwenye simu. Toeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa irudi kwenu. Barua yetu ya kwanza iliingia kwenye droo ya ofisi moja, na hatukuwa na hata karatasi ya kuonyesha kwamba tuliwahi kuipeleka.