Kufufua kale kachoo ka chini ya ngazi mwenyewe, kwa sisi tunaoishi na ukungu wa Mbeya

Nyumba nyingi za ngazi zina kale kachoo kadogo huku chini ambako watu wamekageuza stoo ya mifagio na madumu. Changu kilikuwa kimejaa makopo ya rangi na baiskeli ya mtoto isiyo na pedeli. Sentimita 90 kwa mita moja na nusu, basi. Nilikikumbuka pale mzee wangu alipoanza kuja kutoka Tukuyu kutibiwa magoti, ngazi anapanda kwa tabu, na kwetu Unyakyusa baba mkwe na mke wa mwanae hawapishani hovyo, sasa we fikiria wanakutana mlangoni pa choo saa kumi na moja alfajiri, mmoja kashika ndoo mwingine kavaa kanga. Ikabidi.

Nimekifanya mara mbili. Mara ya kwanza niliharibu, na nilichoharibu ndo wengi wanakiharibu, yaani nilikimbilia taili. Mwezi wa tatu mvua inapiga, ukuta wa nyuma umechimbiwa kwenye mlima kama nyumba zetu nyingi za huku miteremkoni, mi nikabandika taili zangu nyeupe nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la ukoo. Mwezi wa sita niko sebuleni nasikia pwaa, taili nne zimeshuka kwa pamoja. Nikaigeuza moja, gundi yote imeng'ang'ania kwenye taili na juu ya gundi kuna lipu kama unga wa sembe uliolowa. Yani gundi haikuwa na kosa, ukuta ndo ulikuwa umeoza.

Kwahiyo anza na ukuta. Chukua nailoni safi ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu nzuri pande zote nne, iache mchana na usiku. Ukikuta matone upande wa ndani unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje ni unyevu wa hewa tu, chumba hakipumui. Na ukiona chumvichumvi nyeupe inachanua kwenye lipu hata usihangaike na nailoni, jibu unalo.

Maji yanayotoka ukutani hayazuiliwi ndani, hata upake dawa makopo matano. Zunguka nyuma ya nyumba. Angalia kwanza kama gata linamwagia msingi, maana mara nyingi ni hilo tu, afu kama mlima unasukuma maji chimba mtaro uwe chini ya usawa wa sakafu ya choo, laza bomba lenye matundu, jaza kokoto, maji yaende pembeni. Ila usichimbe ukapita chini ya msingi, hapo utakuwa unakarabati nyumba nzima. Ndani ng'oa lipu yote mpaka uone tofali. Tofali zetu za kuchoma zinakunywa maji vizuri sana, kwahiyo ziache zikauke kwanza mlango na dirisha wazi, ndo upige lipu mpya, ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, na dawa ya kuzuia maji ndani yake. Mwagilia wiki nzima isipasuke, afu acha. Fundi atakwambia siku tatu zinatosha, anawaza kazi yake inayofuata Uyole. Huku usiku wa mwezi wa sita na wa saba unashuka chini ya nyuzi 10, saruji inakauka kwa mapozi, mi mara ya pili niliacha wiki nne na nikaangukia mwezi wa tisa, jua na upepo, safi kabisa.

Wakati ukuta unakauka kagua mabomba. Choo cha chini ndo cha mwisho kwenye laini, maana yake chemba ikiziba, ya wale wa juu yote yatakuibukia wewe. Fungua chemba ya nje, mwambie mtu apige flashi juu, simama uangalie maji yanavyopita. Yakizubaa zibua kabla hujanunua hata msumari. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa kama sentimita 2 na nusu kila mita. Afu sikiliza, juu wakipiga flashi na maji ya sinki la choo cha chini (lile la kukalia, sio la kunawia) yakalia glu glu, bomba la hewa limeziba au halipo, yale maji yanayokaa kwenye shingo ya sinki kuzuia harufu yananyonywa na harufu ya shimo inapanda. Kama choo kilikaa mwaka kinanuka tu bila sababu, mwaga ndoo ya maji kwanza kabla hujalaumu mtu, yale ya shingoni yalishakauka.

Sinki nalo usilinunue kwa macho. Kabla hujapanda daladala kwenda Mwanjelwa pima kutoka ukutani mpaka katikati ya tundu la bomba, utoe sentimita 2 za gundi na taili, uandike kwenye karatasi. Kuna sinki la kutolea chini na la kutolea nyuma, ukikosea unarudi nalo mgongoni. Kutoka katikati ya sinki mpaka ukuta wa kila upande acha hata sentimita 40, na mbele acha 50 au zaidi magoti yapate pa kukaa. Na kwa sababu ni chini ya ngazi, weka stuli pale sinki litakapokaa, kaa, afu simama ghafla kama mtu aliyesikia simu inaita sebuleni. Mi niligonga kichwa, nikasogeza sentimita 15. Mlango ufungukie nje, mtu mzima akidondoka ndani ya kachumba kama hako mlango wa kufungukia ndani hausukumiki.

Sakafu ifanye ishuke kuelekea tundu la maji, sentimita moja mpaka moja na nusu kwa mita. Pima maji, ile rula ya fundi yenye kiputo, peke yake usiiamini, omba gololi kwa mtoto uiachie mlangoni uone inakimbilia wapi, afu mwaga jagi la maji. Changu cha kwanza maji yalikuwa yanajikusanya nyuma ya mlango, kila siku soksi.

Sasa ndo taili. Sakafuni chukua zenye uso wa kukwaruza, zile zinazong'aa kama kioo ni za sebuleni. Kwa vipimo vyangu za 30 kwa 30 zinaingia 15 sakafuni, nikanunua 18. Ukutani niliishia mita 1.2, nikitoa mlango ni kama mita za mraba 5, za 25 kwa 40 ni 50, ongeza 5 za kuvunjika. Gundi ipake ienee nyuma yote, sio mabonge matano ya kishikaji katikati na kwenye kona. Ikishika gonga kila moja kwa mpini wa mwiko, inayolia kama debe tupu ing'oe mapema. Grauti, ile ya kujazia nafasi kati ya taili, ngojea siku mbili kwa baridi yetu. Juu ya taili paka rangi ya kuoshika, na kama hakuna dirisha toboa tundu uweke feni ya kunyonya hewa, la sivyo fangasi watakuja. Umeme mwachie fundi umeme, swichi ikae nje.

Ukimaliza utakuta taili zina ukungu wa saruji na kila mtu atakushauri asidi. Kidogo tu, iliyochanganywa na maji mengi, mlango wazi, na kamwe usiweke jiki juu yake. Hivyo viwili vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na kwenye chumba cha sentimita 90 huna pa kukimbilia.

Silikoni ya kuzunguka sinki iache siku nzima kabla mtu hajakaa. Taili zilizobaki zifiche, dukani rangi inabadilika kila mzigo mpya ukiingia. Mi nilimpa jirani tatu za sakafuni akajengee jiko la mkaa, mwezi uliofuata mtoto akadondosha nyundo chooni, nikaenda kuomba moja irudi na tayari ilikuwa na sufuria ya maharage juu yake.