Wiki ya kubadilishana wanafunzi: salamu zitangulie

Kama mwanao anakwenda wiki ya kubadilishana wanafunzi na shule ya nchi nyingine, mhimize aanze kuwasiliana na mwenyeji wake majuma mawili matatu kabla. Wiki moja ni fupi mno. Wasiojuana humaliza nusu yake wakioneana haya. Katika ujumbe huo aseme wazi asichokula, dawa anazotumia, mzio alionao, hata kama anaogopa mbwa. Wenyeji huona afadhali kuambiwa kuliko kubahatisha.

Paspoti ikaguliwe sasa hivi, maana nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi 6 zaidi baada ya tarehe ya safari. Barua ya idhini yenye saini za wazazi nayo isikosekane, na nakala abaki nayo mwalimu.

Walimu, nanyi kwenye kazi za vikundi wachanganyeni. Wakiachwa wajipange wenyewe, wa shule moja watakaa pamoja wakiongea lugha yao, na safari nzima itageuka matembezi tu (tena ya gharama). Wawili wa huku, wawili wa kule, na kazi moja ya kuwasilisha siku ya mwisho.