Namna ya Kusomea Kilimo Katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi

Kijana wa Mwanza anayetaka kusomea kilimo hutajiwa kwanza chuo cha kilimo cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, na akikosa sifa za kujiunga huko hudhani njia imefungwa. Ipo nyingine: vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi, ambavyo mkoani kwetu vipo Malya, wilayani Kwimba, na Sengerema. Vyuo hivi humpokea hata aliyeishia darasa la saba, na binti aliyekatishwa masomo na ujauzito, jambo ambalo kwangu ni heshima kubwa kwa taifa.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha kwamba fani ya kilimo na ufugaji inafundishwa mwaka huo, kisha nenda ukalione shamba la chuo kwa macho yako. Fika asubuhi, uliza ni mazao gani yamepandwa, ni nani anayeyapalilia, na wanachuo huingia shambani siku ngapi kwa wiki. Ukikuta magugu yamelingana na mahindi wakati wa palizi, tafuta chuo kingine. Uliza pia kama ratiba inakuruhusu kulifuata zao moja tangu kutayarisha shamba mvua zinapokaribia mwezi Oktoba hadi kuvuna, kwa sababu anayeondoka katikati ya msimu hujua nusu tu ya kazi.

Ukishaanza masomo, anza na udongo. Chukua konzi moja, uloweshe kidogo, kisha uusokote kati ya viganja: udongo wa luseni, ule wa kichanga wa miinuko yetu, utakatika mara moja, ilhali ule mweusi wa mbuga, yaani wa mabondeni, utatoka mrefu kama uzi mnene na kukunata vidoleni. Zoezi hili dogo litakueleza kwa nini muhogo hustawi juu, mpunga ukastawi bondeni, na kwa nini mbolea ya samadi haiepukiki kwenye luseni. Lirudie katika kila shamba utakalokanyaga, pamoja na la nyumbani kwenu.

Uwe na daftari la shamba, tofauti na la darasani. Andika tarehe ya kupanda, siku mvua iliponyesha, siku ulipoona kiwavijeshi wa kwanza kwenye mahindi au kantangaze, yule mdudu mharibifu, kwenye nyanya, na ulichofanya. Piga hesabu mwenyewe: mahindi yakipandwa kwa sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, hekta moja hubeba miche kama 44,400, ukihesabu iliyosimama kweli, utajua mbegu ngapi zimepotea.

Anayekusudia kulima mboga kando ya ziwa amwombe mwalimu amfafanulie Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayolinda mita 60 kutoka ufukweni, na utaratibu wa kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwani bustani nzuri zimewahi kung'olewa.

Mwenye cheti cha kidato cha nne na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini aulize mapema masharti ya astashahada ya kilimo, na siku ya kwenda kuulizia abebe daftari lake.