Namna ya Kuandika Mkataba wa Karakana ya Vyuma kati ya Baba na Mwana

Baba na mwanawe wanaokusudia kuendesha pamoja karakana ya mageti na grili, iwe Masasi, Nachingwea au Mtwara mjini, waandikiane mkataba kabla ya kununua mashine ya kuchomelea. Kwa mfano, Peter Grubb, aliyejenga tanuru la chuma la Cornwall huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 1742, alifariki mwaka 1754 bila wosia, na mali ikagawanywa kisheria: theluthi mbili kwa Curtis, mwanawe mkubwa, na theluthi moja kwa mdogo wake. Katika miaka ya 1780 Curtis alimpa mwanawe sehemu moja ya sita. Kijana akaiuza sehemu hiyo kwa Robert Coleman, aliyewahi kuwa karani wa familia hiyo, naye kabla ya karne kwisha akawa ameshika sehemu kubwa ya mradi.

Kwa hiyo, tajeni kwanza sehemu ya kila mmoja kwa tarakimu, kwa kuwa pasipo maelewano sheria huwahesabu wabia kuwa na haki sawa, hata kama mzee ndiye aliyetoa kiwanja, jenereta na grenda. Kisha wekeni sharti kwamba anayetaka kuuza sehemu yake amtangulize mbia mwenzake kuinunua, kwa bei ya mthamini na kwa muda uliotajwa.

Kifungu cha kifo ndicho kigumu zaidi, nacho huku Kusini mwa Tanzania hakifai kuachwa. Kwa mila za Wamakonde, Wamwera na Wamakua, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na wajomba na wapwa wana kauli katika mirathi. Mkataba ueleze wazi kwamba sehemu ya kijana ni mali yake tangu siku ya kutia saini, wala si urithi anaoungojea, na useme kama karakana itaendelea mbia mmoja akifariki, maana bila maelewano hayo ubia huvunjika. Mjomba mmoja awe shahidi. Ni afadhali anung'unike siku ya saini kuliko mahakamani.

Ujira wa kijana utenganishwe na faida, na faida igawanywe baada ya mauzo ya korosho, wateja wanapolipa madeni. Baadaye sajilini jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukueni namba ya mlipakodi TRA (mamlaka ya mapato) na leseni halmashauri, na nakala moja ya mkataba ikae kwa wakili.