Kuishinda Hofu ya Jukwaani

Hofu inayompata mwigizaji kabla ya pazia kufunguliwa huambatana na homoni ya adrenalini, ambayo huharakisha mapigo ya moyo na kuifanya mikono itetemeke. Kwa hiyo usijilaumu inapokujia, wala usijaribu kuifukuza kwa nguvu. Vuta hewa taratibu kwa pua hadi tumbo lijae, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa kuwa kutoa pumzi polepole huutuliza moyo.

Tatizo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kujitazama: mwigizaji anayewaza jinsi anavyoonekana hana nafasi ya kumsikiliza mwenzake. Konstantin Stanislavski, aliyeshiriki kuasisi jumba mashuhuri la maigizo mjini Moscow mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji kuuelekeza umakini kwenye mduara mdogo, kwa mfano meza na vilivyo juu yake, kisha kuupanua hatua kwa hatua. Fanya hivyo mazoezini. Halafu jiulize mhusika wako anataka nini kutoka kwa aliye mbele yake, na umpe kazi ya mikono, kama vile kukunja kanga au kuchambua mchele, ambayo utaifanya kwa dhati.

Hifadhi maneno yako mapema, ukiyasema huku unatembea au unafagia, mpaka yatoke bila kutafutwa. Siku ya onyesho, zunguka jukwaa lote kabla watu hawajaingia na uijaribu sauti yako hadi viti vya nyuma. Ukisahau mstari, baki ndani ya mhusika na umsikilize mwenzako. Watazamaji hawana mswada mikononi.