Databesi imekwama? Jua kwanza kama kweri inafanya kazi ama inangoja

Mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia na kila mtu Nairobi akilipa renti na bili kwa M-Pesa kwa wakati mmoja, ndio utajua databesi yako. Grupu ya kazi inajaa "sistimu iko slo", na kuna yule msee lazima atasema arestati seva. Mwambie atulie kwanza, juu ukirestati umefuta ushahidi wote na shida itarudi tu kesho.

Cha kwanza kujua ni kama hiyo kweri (ombi ambalo programu imetuma kwa databesi) inachapa kazi polepole ama imesimama inangoja mwenzake. Dawa zake haziingiliani kabisa, na naona watu wakikimbilia kuongeza indeksi (orodha ya kutafutia data haraka) kwa kitu ambacho ni loki (mmoja ameshika data, wengine wangoje). Naongelea databesi ya Postgres hapa, MySQL, databesi nyingine, nitaigusa mwisho. Ingia ukiwa na ruhusa za kuona konekisheni za wengine, shida ikiwa bado inaendelea, upige hii:

SELECT pid, state, wait_event_type, now() - xact_start AS muda, pg_blocking_pids(pid) AS mzuiaji, left(query, 60) FROM pg_stat_activity WHERE state <> 'idle' ORDER BY xact_start;

Ukiona wait_event_type ni Lock, hiyo kweri umeionea bure, haina neno. Chukua namba iliyo kwa safuwima ya mzuiaji, itafute kwa safuwima ya pid (namba ya konekisheni) uone huyo naye anazuiwa na nani, endelea hivyo hadi ufike kwa mwenye mabano matupu, huyo ndiye mwenyewe. Mara nyingi utampata state yake ni idle in transaction, yaani alifungua transakisheni (hatua kadhaa zinazohesabiwa kama kazi moja), akashika safu zake (mistari ya data kwa jedwali), halafu akaenda zake bila COMMIT (amri ya kuhifadhi na kuachilia loki). Na chunga hapo, kwake hiyo safuwima ya query inaonyesha kitu cha mwisho alifanya, si lazima iwe ndio ilishika loki.

Sistimu yetu ya malipo iko hivi: kodi ya programu inaanza na BEGIN (kufungua transakisheni), inaapdeti salio la mteja, halafu ikiwa bado ndani ya transakisheni inaita API ya malipo (mlango wa sistimu ya nje) na kungoja jibu. API ikikaa sekunde 30, loki nayo imekaa sekunde 30. Kolbaki (ujumbe wa matokeo kutoka kwa sistimu ya malipo) ikija inataka safu hiyo hiyo, inapanga foleni, mteja akiona kimya anabonyeza tena, foleni inaongezeka, puli ya konekisheni (zile chache programu inagawana) inajaa, na sasa hata mtu alitaka tu kusoma riporti hapati konekisheni, ilhali kwa Postgres kusoma hakuzuiwi na loki ya safu. Dawa iko kwa kodi: andika malipo yakiwa "yanasubiri", COMMIT, ita API, jibu likija fungua transakisheni mpya. Halafu weka idle_in_transaction_session_timeout ndio wasahaulifu wakatwe wenyewe.

Kumtoa mzuiaji sasa hivi, pg_cancel_backend haitakusaidia kama ako idle in transaction juu hakuna kweri inaendelea ya kukatiza, inabidi pg_terminate_backend, na kazi yake yote ambayo haijakomitiwa inarudishwa nyuma, so uliza mwenyewe kwanza.

ALTER TABLE mchana nayo ni balaa. Inataka loki ya jedwali zima, sasa ikipata SELECT moja ndefu mbele yake inangoja, na kila kweri mpya ya hilo jedwali inangoja nyuma yake. Ni kama matatu imesimama katikati ya barabara ikingojea abiria mmoja, nyuma yake hakuna gari inasonga. Anza na SET lock_timeout = '3s'; ikishindwa, jaribu tena usiku.

Kama wait_event_type iko tupu ama ni IO, basi kweri inafanya kazi kweli, sasa ndio uchukue EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), inakuonyesha plani, yaani njia databesi inatumia kupata jibu. Kumbuka ANALYZE inaendesha hiyo kweri kabisa, so kwa UPDATE ama DELETE funga ndani ya BEGIN na ROLLBACK, ya kurudisha mabadiliko nyuma (na loki itashikwa vile vile hadi umalize). Linganisha rows za makisio na rows za kweli: ikikisia 10 na zimetoka laki mbili, pengine takwimu ambazo databesi inakisia nazo zimezeeka, piga amri ya ANALYZE peke yake kwa jedwali (si ile ya EXPLAIN) izikusanye upya. Seq Scan (kusoma jedwali lote) kwa jedwali dogo isikutishe. Kwa jedwali kubwa, angalia Rows Removed by Filter, ikiwa kubwa sana ujue inasoma takataka nyingi. Mkosaji wa kawaida ni WHERE date(created_at) = '2024-05-31', hapo indeksi ya created_at haitumiki, andika created_at >= '2024-05-31' AND created_at < '2024-06-01'. Indeksi mpya iwe ya CREATE INDEX CONCURRENTLY (haizuii wanaoandika), na ikifeli njiani ifute, juu inabaki hapo ikiwa mbovu.

Usijaribu haya kwa laptopu yenye safu 100, plani itakuwa nyingine kabisa.

Washa pia pg_stat_statements, inayohesabu muda wa kila kweri, na upange kwa total_exec_time (jumla ya muda), si wastani, juu ile kweri ya milisekunde 5 inaitwa mara milioni ndiyo inakula seva na hakuna mtu anaishuku. Ongeza log_lock_waits ndio irekodi kwa logi kweri zinazongoja loki zaidi ya sekunde moja.

Wa MySQL 8, angalieni sys.innodb_lock_waits, na mjue innodb_lock_wait_timeout (muda wa kungoja loki) huja ikiwa sekunde 50 na long_query_time (muda ambao kweri ikipita inaitwa ya polepole) sekunde 10, zote ni ndefu mno kwa mtu ameshika simu akingoja risiti.