Lisbon na marafiki kwa siku tatu: hati, hela, vilima na dhahabu ya Kilwa

Safari nyingi za marafiki hufia kwenye kundi la WhatsApp. Kila mtu anaandika "mimi nimo", kisha siku ya kulipa tiketi mmoja hapatikani kwenye simu, mwingine anasubiri mshahara, na wa tatu ndiyo kwanza anauliza kama pasipoti yake ya Tanzania inahitaji viza. Kwa hiyo kabla hamjaanza kubishana kuhusu hoteli, malizeni mambo mawili: hati na hela. Lisbon yenyewe, mji mkuu wa Ureno, haina shida.

Hati zitangulie, maana kundi moja tu la Waafrika Mashariki linaweza kuwa na watu wa kila hali. Anayeishi Ujerumani, Sweden au Uholanzi, na hati yake ya ukaazi haijaisha muda, anaingia Ureno kwa hati hiyo pamoja na pasipoti yake, bila viza, hadi siku 90 ndani ya siku 180. Abebe zote mbili. Picha kwenye simu haitamsaidia. Anayeishi Uingereza au Ireland kwa pasipoti ya Kenya, Uganda au Tanzania habari yake ni nyingine. Nchi hizo haziko ndani ya Schengen, ule ukanda wa nchi za Ulaya zenye viza moja, na kibali cha kuishi huko hakimvushi mtu. Huyo aombe viza ya Schengen: ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na awe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida hushughulikiwa ndani ya siku 15, lakini kinachokula muda ni kupata miadi ya kupeleka karatasi, hasa majira ya joto yakikaribia. Tarehe ya safari imfuate huyu, si yule mwenye pasipoti ya Uingereza anayeweza kuondoka kesho asubuhi.

Tena kuna mtego mmoja mdogo. Baadhi ya mashirika ya ndege ya bei nafuu humtaka mwenye pasipoti isiyo ya Ulaya apite kaunta hati zake zikaguliwe kabla ya kwenda kwenye ukaguzi wa usalama, hata kama hana begi la kupakia. Wenzako watakatiza moja kwa moja. Wewe ukifuatana nao utarudishwa kutoka mlangoni. Soma masharti ya tiketi yako, na ufike mapema.

Kwenye hela, chagueni mweka hazina mmoja, na asiwe yule mcheshi wa kundi. Kila mtu aweke mchango wake wa malazi kabla nyumba haijalipiwa, kisha muwe na mfuko wa pamoja wa chakula na usafiri. Huu mtindo wa "lipa tu, nitakurushia" umevunja urafiki mwingi kuliko mapenzi. Kumbukeni pia kodi ya wageni ya jiji: euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyoiona mtandaoni. Watu watano kwa usiku tatu ni euro 60 ambazo hakuna aliyezipangia. Mkitaka noti, tumieni mashine za benki zenye alama ya Multibanco, na mashine ikikuuliza kama ikubadilishie euro kuwa fedha ya kadi yako, kataa. Hiyo huduma ni ya faida yao.

Sasa mjini. Lisbon ni vilima, na njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vyeupe vilivyolainika kwa nyayo za miaka mingi. Mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Dada zetu wanaopanga viatu vya picha, wavibebe mkobani. Kutoka uwanja wa ndege chukueni metro, mstari mwekundu, mbadilishe Alameda kuingia mstari wa kijani unaoshuka hadi katikati ya mji. Kila mtu anunue kadi yake ya usafiri iitwayo Navegante, maana kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili. Tramu namba 28, ile ya njano ya kwenye postikadi, mchana hujaa kupindukia na wezi wa mifukoni wanaijua vizuri. Ipandeni asubuhi na mapema mkianzia kituo cha Martim Moniz, au muiache ipite na mtembee. Vijana wawili watatu watawasogelea mitaa ya Baixa, katikati ya mji, wakinong'ona kwamba wana bangi. Msijibu, endeleeni na safari yenu.

Kwenye mkahawa, mhudumu ataleta mkate, zeituni na jibini kabla hamjaagiza chochote. Si takrima hiyo. Mkila, inaingia kwenye bili. Hamtaki, mwambieni aondoe, wala hakuna atakayenuna. Kwa wasiokula nguruwe: bifana, ule mkate wenye nyama unaouzwa kila kona, ni nguruwe, na supu ya kijani ya caldo verde huwekewa soseji ya nguruwe. Samaki ndio salama yenu, na Juni, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mitaa ya Alfama hunuka dagaa wakubwa wa kuchoma usiku kucha. Nyama halali ipo Mouraria, kwenye mtaa wa Benformoso, ambako wenye maduka wengi ni Wabangladeshi na bei inaeleweka.

Lakini kitu kimoja ambacho Mwafrika Mashariki asikikose hakipo kwenye orodha za watalii wengine. Nendeni Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes, mtafute Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisani cha kuwekea hostia, yaani mkate mtakatifu wa Wakatoliki, kimesimama kama mnara, urefu wake sentimita 73, dhahabu tupu iliyopambwa kwa rangi za kuchomwa. Katikati mitume 12 wamepiga magoti kwa duara. Shukeni kwa macho hadi kwenye kitako: kuna ndege, maua, hata konokono. Kisha mtafute maandishi yanayozunguka ukingo. Yanasema kwamba Mfalme Manuel wa Ureno aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika 1506.

Kilwa ni hii hii yetu, Kilwa Kisiwani. Mwaka 1502 Vasco da Gama, nahodha Mreno, katika safari yake ya pili kwenda India, alitia nanga pale na meli zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kumlipa kodi mfalme wa Ureno. Dhahabu ilifika Lisbon mwaka uliofuata. Mwaka 1505, fundi akiwa bado hajamaliza kazi, kundi jingine la meli chini ya Francisco de Almeida liliipora Kilwa, kisha likaichoma Mombasa. Tengeni saa nzima. Asiyependa makumbusho akawasubiri kwenye bustani yake inayotazama mto Tejo.

Baada ya hapo ndipo mwende mtaa wa Belém. Manuel aliachia chombo hicho monasteri ya Jerónimos kwa wasia, na humo kanisani, karibu na mlango, ndimo lilimo kaburi la Vasco da Gama. Kuingia kanisani ni bure. Kinacholipiwa ni ua wa ndani wa monasteri, na foleni zake ni mbili tofauti, msije mkasimama juani kwenye isiyo yenu. Mnara wa Belém utazameni kwa nje, ndani ni ngazi nyembamba na msongamano. Keki za duka la Pastéis de Belém, lililoanza 1837, kuleni mkiwa mmekaa: foleni ya barabarani ni ya wanaobeba, ndani kuna vyumba chungu nzima. Msipange siku hii Jumatatu, makumbusho na monasteri hufungwa, na kwa vile majengo ya zamani huingia kwenye ukarabati, angalieni tovuti zao wiki ile ile ya safari.

Jioni, badala ya kulipia boti ya watalii, pandeni kivuko cha wananchi kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas, ng'ambo ya Tejo. Ni kama dakika kumi, kadi zenu zilizowekwa salio zinafanya kazi, na mji wote mtauona kwa mbele.

Siku ya kurudi, wanaoruka kwenda Uingereza waondoke kabla ya wenzao. Baada ya ukaguzi wa usalama kuna foleni nyingine ya pasipoti kwa wanaotoka Schengen, na mfumo mpya wa Ulaya wa alama za vidole umeirefusha. Mweka hazina naye afunge hesabu usiku wa mwisho wakati wote mko sebuleni, anayedaiwa atume kwa simu papo hapo.